Mwenye nyumba kakufungia mlango na hela ya wakili huna? Anzia hapa

Wenye nyumba wakorofi wana siku yao, na siku yenyewe ni Ijumaa jioni. Sijui nani aliwafundisha ila ndo hivyo, unatoka kazini umechoka unakuta kufuli jipya mlangoni, vyombo vyako ndani, dawa za mtoto ndani, na ofisi zote zimefungwa mpaka Jumatatu. Mimi ilinikuta Mbagala, nadaiwa mwezi mmoja na siku kumi, nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikakimbilia polisi. Afande wa kaunta akanisikiliza vizuri tu halafu akasema dada hiyo ni kesi ya madai, nenda baraza. Baraza gani? Hakusema na mimi nilivyokuwa nimevurugwa sikuuliza, nikalala kwa shoga yangu siku nne na mtoto mgongoni.

Haya ninayoandika ni yale ambayo ningetamani mtu aniambie ile Ijumaa. Mi sio mwanasheria, ni mpangaji mwenzenu, na nazungumzia Tanzania bara, hasa Dar maana ndo ninakokujua.

Usiku ule ule, kabla hujahama kwenda kwa ndugu, piga picha kufuli na mlango, na kama vyombo vimetolewa nje vipige hapo hapo vilipo kabla hujavigusa. Muite mjumbe wa shina aje aone kwa macho yake, hata kama ni saa tatu usiku, na majirani wawili watatu wawepo. Halafu mtumie mwenye nyumba meseji ya kistaarabu, kitu kama "Shikamoo mzee, nimekuta kufuli kwenye chumba changu, naomba nifunguliwe nichukue dawa za mtoto halafu tuongee kuhusu deni". Akijibu "sifungui mpaka ulipe" umeshapata ushahidi wa maandishi kwamba ni yeye kafunga na sababu yake ni ipi, akijibu matusi ndo kabisa. Kwenye simu watu wanaongea mengi na kesho yanakanwa, kwa hiyo kama mmeongea kwa simu basi ukishakata tu mtumie meseji ya kurudia mlichokubaliana. Kufuli usilivunje. Najua inauma, ila ukilivunja kesho yake wewe ndo mtuhumiwa wa kuharibu mali na habari ya kufungiwa inasahaulika kabisa. Polisi nenda kama umepigwa, umetishiwa, au kuna kitu kimeibiwa au kimevunjwa, hayo ni jinai, fungua jalada na uondoke na namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kodi, notisi, kuhamishwa, hayo sio yao na wakikwambia hivyo hawajakuonea.

Sasa msaada wenyewe. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inasema mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kusaidiwa bure, na sio kesi za jinai peke yake kama wengi wanavyodhani, madai pia yamo, yaani nyumba, ardhi, mirathi na ndoa. Zanzibar wana ya kwao ya 2018. Mashirika yanayotoa huduma hii yanasajiliwa na Msajili aliyeko Wizara ya Katiba na Sheria, na hao wasaidizi wa kisheria, wale watu wa mtaani waliopewa mafunzo ambao sio mawakili, sheria imewatambua rasmi na imewakataza kutoza hela. Kwa hiyo ukikutana na mtu anajiita msaidizi wa kisheria halafu anakutajia bei, geuza.

Kwangu mimi mlango wa kwanza ni huyo msaidizi wa kisheria wa karibu na wewe, sio shirika kubwa la mjini. Kwanza nauli. Pili anamjua mwenyekiti wako, anajua Baraza la Kata linakaa siku gani, na mara nyingi hata mwenye nyumba wako anamjua. Utampataje? Nenda ofisi ya kata umuulize afisa maendeleo ya jamii, ndo anayewajua. Msaidizi huyo hawezi kusimama mahakamani kama wakili wako, ila atakuelekeza, atakusaidia kupanga karatasi zako, na jambo likiwa zito atakuandikia rufaa ya kwenda kwa wanasheria.

Hao wanasheria wa bure Dar wapo, tatizo watu hawajui tu. Kuna LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kipo tangu 1995 na kina kliniki ya msaada wa kisheria Kinondoni. Kuna WLAC ambao wamejikita kwa wanawake na watoto, kuna TAWLA ambao ni chama cha wanasheria wanawake na wana ofisi mikoani pia kama Arusha, Dodoma na Tanga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shule ya sheria nao wana huduma hiyo, na Chama cha Mawakili, TLS, mawakili wake wanachukua kesi za watu wasio na uwezo. Halafu kuna nyakati huduma inakufuata wewe, mfano Wiki ya Sheria kila mwaka mwishoni mwa Januari mpaka mwanzoni mwa Februari, mahema yanawekwa kabisa viwanja vya wazi, unakaa na mwanasheria uso kwa uso bila ahadi wala foleni ya getini. Na tangu 2023 kuna ile kampeni ya Mama Samia inayozunguka mikoani, ikifika kwenu usiishie kusikiliza muziki, nenda na bahasha yako.

Mashirika haya hayamchukui kila mtu, na hapo wengi wanakasirika bure. Watakuuliza unafanya kazi gani, unapata shilingi ngapi, una wategemezi wangapi, nyumba unalipa kiasi gani. Sema ukweli. Mimi sehemu ya kwanza niliambiwa kwa mshahara wangu naweza kulipa wakili, nikabisha weee, baadaye nikagundua nilitaja mshahara wa kwenye karatasi sio unaobaki baada ya makato ya mkopo na hela ninayotuma nyumbani Masasi. Sehemu ya pili nikaenda na hesabu imeandikwa, nikapokelewa.

Watataka pia barua ya serikali ya mtaa inayokutambulisha na kuonyesha hali yako. Hii barua inaonekana ndogo ila ndo inakwamisha watu, maana mwenyekiti na mwenye nyumba ni marafiki, wanacheza bao pamoja, na ukisema barua ni ya nini utazungushwa "njoo kesho" wiki nzima. Omba barua ya utambulisho tu, huna haja ya kumsimulia yeye kesi yako yote. Akigoma nenda kwa mtendaji wa mtaa, na akigoma naye nenda kwa mtendaji wa kata. Na ukikosa kabisa usikae nyumbani, nenda hivyo hivyo kwa wanasheria uwaambie umenyimwa barua, wao wanajua la kufanya.

Bahasha yenyewe iwe na nini? Kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Mkataba kama upo. Risiti za kodi, na kama ulikuwa unatuma kwa simu basi zile meseji za muamala, zipigie skrinshoti na uzichapishe stationery, shilingi mia mia tu, usitegemee kuonyesha simu ambayo chaji inaisha ukiwa kwenye foleni. Notisi yoyote uliyopewa, hata kama ni kikaratasi cha daftari. Majina na namba za mashahidi. Na karatasi moja, nasisitiza moja, umeandika mwenyewe kwa tarehe: niliingia lini, nililipa miezi mingapi, ugomvi ulianza lini, kufuli liliwekwa lini. Mwanasheria wa bure ana watu ishirini nje wanakusubiri utoke, ukianza na "huyu mzee tangu zamani ana roho mbaya" dakika zako zinaisha hujafika kwenye notisi.

Huna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Upangaji wa mwaka mmoja kushuka chini unaweza kuwa wa mdomo na sheria ikautambua, ndo hapo meseji za muamala na majirani wanapokuwa dhahabu. Na wenye mkataba wa karatasi, kuna kitu kinaitwa ushuru wa stempu, mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama kielelezo mpaka ulipiwe, kwa hiyo muulize mwanasheria mapema kabla hujaumbuliwa mbele ya mwenyekiti wa baraza.

Mambo mabaya pia sema. Kama unadaiwa sema unadaiwa na kiasi gani, kama ulivunja sinki sema. Mwanasheria akija kuyasikia kutoka kwa upande wa pili atajifunga kabisa, na wewe utaonekana muongo hata kwenye yale ya kweli. Kudaiwa hakukufuti kama mpangaji. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mwenye nyumba akupe notisi ya maandishi kabla ya kuvunja upangaji, na kama unalipa mwezi kwa mwezi bila makubaliano mengine notisi ya kukutoa haitakiwi kupungua mwezi. Sheria hiyo hiyo inamdai na yeye akuache uishi kwa amani na atunze paa, kuta kuu na mifereji mikuu, kwa hiyo yule anayesema "bati linavuja nunua ndoo" hajui anachosema, au anajua sana. Na nyumba ikiuzwa katikati ya miezi uliyolipia, kuuzwa peke yake hakufuti miezi yako, mnunuzi kaikuta nyumba na wewe ndani. Wanaolipishwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ambao Dar ndo sisi wote, hili lishikeni, maana dalali hatakwambia, yeye kashachukua mwezi wake wa udalali na kashaondoka.

Baada ya kusikilizwa usitegemee siku hiyo hiyo mtu anavaa joho mnaenda mahakamani. Kitu cha kwanza ni barua ya wito kwa mwenye nyumba aje wakae meza moja. Na amini usiamini barua yenye mhuri wa wanasheria inafanya miujiza. Mwenye nyumba wangu aliyekuwa anakata simu alikuja na kanzu safi na mwanae wa chuo, akasema "mimi na binti huyu hatuna ugomvi". Tukakubaliana nilipe deni mara tatu, anifungulie siku hiyo, na nikimaliza miezi iliyobaki nihame. Nilikuta sufuria na redio viko palepale, feni haikuwepo, na hiyo feni mpaka leo sijaipata.

Hapo nilikosea kitu nawaambia msirudie. Makubaliano ya usuluhishi yaandikwe yote, kiasi, tarehe, nani anafanya nini, na vyombo vilivyokuwa ndani viorodheshwe kabla hamjasaini. Feni sikuiandika kwa sababu nilikuwa na furaha ya kufunguliwa.

Usuluhishi ukishindikana ndo tunarudi kwenye lile baraza la afande. Mabaraza yako mawili na watu wanayachanganya. Kuna Baraza la Kata, na kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zamani la kata lilikuwa linatoa hukumu, lakini sheria ilibadilishwa 2021, sasa kazi yake ni kupatanisha tu. Akija mtu na karatasi ya Baraza la Kata kwamba limeamuru utoke leo, ujue kuna shida. Mwenyekiti wa mtaa naye sio mahakama, hawezi kuamuru utolewe. Mnaanzia kata, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati ya kuonyesha wameshindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda wilayani moja kwa moja. Bila kupita hapo la wilaya halikupokei, na nimeona watu wamepoteza nauli za Mbagala kwenda mjini mara tatu kwa ajili ya hiko kikaratasi.

Kule wilayani unaitwa mwombaji na mwenye nyumba ni mjibu maombi, mwenyekiti anakaa na wazee wa baraza, na mambo yanaendeshwa kwa Kiswahili. Wakili sio lazima, unaweza kusimama mwenyewe, hata ndugu au mtu wa kaya yako anaweza kusimama kwa niaba yako. Ndo maana mashirika mengi kesi ya kawaida hawakupi wakili wa kusimama, wanakuandikia nyaraka na kukufundisha namna ya kujieleza halafu unaenda mwenyewe. Mwanzoni nilidhani ni ubahili. Baadaye nilimsindikiza jirani yangu, mama wa mihogo, akasimama akasema tarehe zake bila kutetemeka huku wakili wa upande wa pili anapekua mafaili. Ada ya kufungulia kama huna omba kusamehewa, utaratibu upo, waambie wanasheria wakuandalie maombi hayo pamoja na mengine. Kama uko hatarini kutolewa kabla kesi haijaisha waambie neno hili, zuio la muda, yaani amri ya kuzuia usitolewe mpaka kesi iishe. Na siku ya kesi usikose hata kama mvua inanyesha Jangwani hapapitiki, toka saa kumi alfajiri. Usipofika wewe uliyefungua shauri linafutwa, usipofika wewe uliyeshtakiwa linasikilizwa upande mmoja na utashangaa dalali wa mahakama, yule anayetekeleza amri za kutoa watu, yuko mlangoni. Huyo naye akija muombe amri ya baraza au mahakama uisome, ipige picha, halafu kimbia kwa wanasheria siku hiyo hiyo.

Kama ulishahama na unachodai ni hela tu, mfano kodi ya miezi ambayo hukukaa, waulize kuhusu Mahakama ya Mwanzo, inaweza kuwa njia fupi zaidi. Madai ya mkataba yana miaka sita, ila usikae mpaka wa tano, mashahidi wanahama.

Akina mama mlioolewa, nyumba mnayoishi na mume hata kama hati ina jina lake peke yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inamkataza kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa yako ndoa ikiwa bado ipo. Na kwenye kugawana mali, Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, lakini msimamo ulibaki na wengi wanaula mpaka leo. Wajane mnaoambiwa mtoke kabla arobaini haijafika, msimamizi wa mirathi ni msimamizi, hajawa mwenye nyumba, na kwa Dar mambo ya mirathi na ndoa yana kituo chake jumuishi pale Temeke.

Wale mliowekewa na serikali alama ya X ukutani, ile ya nyumba kubomolewa, hiyo ni ligi nyingine. Kuishtaki serikali kunaanza na notisi ya siku 90 na kesi inaenda Mahakama Kuu, kwa hiyo msijaribu wenyewe, nendeni kikundi kwa wanasheria siku X inapochorwa, sio siku katapila limefika.

Vishoka wapo nje ya kila mahakama, suti imepauka na faili kwapani, anakuandikia "maombi" kwa elfu thelathini yakiwa na jina la baraza lisilohusika. Mtu akisema ni wakili tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ni bure na unafunguka kwenye simu.

Ukishindwa wilayani una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Sasa pale watu wanasubiri nakala ya hukumu wakiamini siku hazitembei, wanaenda kuulizia kwa mdomo, karani anasema bado, wanarudi nyumbani. Siku hukumu inasomwa andika barua ya kuomba nakala, ipeleke kwa karani na kopi yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo kopi ndo unampelekea mwanasheria wako kesho yake asubuhi.